Sekunde Kumi na Moja

Projekta ilisimama mahali ambapo haikuwa na sababu ya kusimama. Mzee Picha aliinama akaichungulia, akaigonga ubavuni kwa kidole, akangoja. Mota ilikuwa inazunguka kama kawaida, tik-tik-tik, lakini picha kwenye shuka ilikuwa imeganda: marehemu mkewe, tumbo mbele, amenyanyua kibanio cha nguo, nusu ya uso imegeuka.

"Una nini wewe, mzee mwenzangu?" aliiuliza mashine.

Pale mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Miaka arobaini alionyesha filamu kwenye sinema ya mjini, mpaka ilipofungwa ikageuzwa ghala la magodoro, naye akabaki nyumbani na projekta tatu alizookota kwa watu waliotaka kuzitupa. Kubwa ilikula filamu ya milimita kumi na sita, ndogo ilikula ya nane, na hii kongwe ilikula ya tisa na nusu, ambayo matundu yake hayako pembeni, yako katikati, baina ya picha na picha. Nayo ilikuwa na ujanja wake. Ukikata pengo dogo ukingoni mwa filamu, kidole cha chuma ndani ya mashine kinatumbukia humo, na picha inasimama kidogo ili watu wasome maandishi. Bila pengo haisimami, uibembeleze usiibembeleze.

Alizima, akaitoa filamu, akaupitisha ukingo kwenye ukucha wake polepole, kisha akautazama kwa lenzi. Ukingo ulikuwa mzima. Hakukuwa na pengo.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili kufika Krismasi. Tangu mwezi uliopita alikuwa anapanga onyesho la nyumbani, na ratiba ameiandika kwenye kipande cha boksi utadhani anatarajia waziri: kwanza vichekesho vya milimita nane, halafu treni ya milimita kumi na sita, mwisho kabisa ile ya tisa na nusu. Sebuleni alifunga kamba ukuta hadi ukuta, akatundika shuka jeupe la pindo la maua, akaziba madirisha kwa mablanketi. Majaribio aliyafanya saa tisa alasiri, jua likiwa upande wa pili wa nyumba.

Yote hayo yalikuwa kwa ajili ya binti yake. Binti alikuwa mwalimu wa watoto viziwi, yuko likizo, mimba ya miezi saba. Mama yake alifariki yeye akiwa na siku tatu. Maisha yake yote alikuwa na picha moja tu ya mama, ile ya kitambulisho, ambayo hata mrembo hutoka nayo kama mshtakiwa. Siku alipofika alimwambia baba yake, "Baba, zawadi sitaki. Nataka kumwona mama akitembea. Siku moja tu." Mzee aliitikia huku anajikuna shingo, maana alikuwa anajua jambo ambalo binti halijui.

Filamu ile ilikuwa na kipande kilichokatwa, cha zaidi kidogo ya mita moja. Kilikuwa kwenye kopo la vifungo, chini ya kitanda, miaka thelathini na miwili. Na ndicho kipande pekee ambamo mkewe anageuka uso mzima. Sekunde kumi na moja. Sasa mwambie mtu aliyefanya kazi ya filamu maisha yake yote kwamba kipande kipo, gundi ipo, na mwana analilia sura ya mama yake, halafu umwambie asiunge. Aliunga. Aliunga kabla ya jaribio lile la kwanza, vizuri hata kiungo hakionekani.

Kesho yake alasiri aliijaribu tena. Mashine ikasimama palepale. Safari hii hakuigonga. Alitazama shuka. Kwenye picha mkewe alikuwa ameganda, maji ya ndoo yameganda, hata kuku aliyekuwa anapita ameganda mguu juu. Lakini nyuma ya mkewe, kwenye kamba ya nguo, kulikuwa na shuka limeanikwa, na shuka lile lilikuwa linapumua. Likivimba kidogo, likirudi. Likivimba, likirudi. Sebule nzima ikaanza kunuka sabuni ya kufulia na nguo mbichi, na hapo nyumbani hakuna aliyekuwa amefua.

Alipoitoa filamu, pengo lilikuwepo. Dogo, safi, limekatwa leo.

"Baba," binti aliita kutoka chumbani alikokuwa amejilaza. "Nani anatembea na viatu vya visigino huko?"

"Hakuna mtu, mwanangu. Ni mashine."

"Mashine umezima."

Chumba cha pili, cherehani ya dada wa mzee iliyokuwa ikinguruma tangu asubuhi ilinyamaza, na punde Shangazi akatokea mlangoni, mkasi mkononi, miwani imening'inia shingoni. Yeye ndiye aliyemlea binti tangu siku ya nne. Alikuwa mshonaji, mwanamke wa maneno.

Alifunga mlango nyuma yake. "Hii harufu naijua," alisema chini chini. "Umefanya nini?"

"Najaribu mashine, dada."

"Nimekuuliza umefanya nini."

"Nimeunga."

"Umeunga nini? Kile kipande nilikupa ukichome. Niliukata kwa mkono wangu ule ukanda, nikakupa, ukaniambia umeuchoma."

Mzee alikaa kwenye kiti. "Nilikuwa nimemzika wiki ileile, dada. Na sura yake pia niichome? Nilishindwa. Nilikudanganya."

Hakuna kinachouma kama kumkasirikia mtu unayemwonea huruma. Shangazi akavuta kiti, wakakaa magoti yakigusana, wakanong'ona.

"Wifi yangu aliitazama hii filamu akiwa na mimba ya miezi saba," alisema. "Mashine ikasimama usoni kwake. Akawa anajitazama, anawaza mtoto atafanana naye. Tangu siku ile akawa ananiuliza nani anaanika nguo chumbani kwake. Mpaka siku ya mwisho alikuwa akiniambia, 'Wifi, mtoe yule anayeanika nguo.' Ukamleta mganga baada ya mazishi, unakumbuka? Alisemaje yule mganga?"

"Sikumsikiliza."

"Mimi nilimsikiliza. Alisema hicho kitu hakina uso. Hujificha nyuma ya mtu, hungoja sura inayotazamwa kwa mapenzi, kisha hutokea humo kana kwamba ni mlangoni. Na anayekifungulia ni mwenye mimba, akitazama picha imesimama. Kinataka kile kilichomo tumboni. Binti alipona kwa sababu alizaliwa kabla ya siku zake. Mama yake ndiye aliyelipa."

Mzee aliangalia mikono yake. "Kuna kitu sijawahi kukuambia," alisema. "Siku nilipompiga ile picha, alipogeuka nilimwona anasema neno. Midomo inaonekana kabisa. Nikamuuliza, ulikuwa unasemaje? Akanijibu hakufungua mdomo."

Siku ileile walikitoa kipande. Mzee alikata kwa mkono wake, Shangazi akashika taa. Wakakiweka juu ya makaa uani, kikajikunja, kikatoa moshi mweusi ulionuka kwato za ng'ombe zilizounguzwa, na mzee akalia waziwazi, bila kujificha. Binti hawakumwambia kitu. Walisema mjamzito hashtuliwi. Watu wazima wawili, na bado walidhani kunyamaza ni kulinda.

Krismasi ilifika. Walikuwa watatu tu. Binti alivaa gauni jipya aliloshonewa na shangazi yake, akakaa mbele, mikono juu ya tumbo. Vichekesho vikapita, akacheka mpaka akasema mtoto amekasirika kwa kutikiswa. Treni ikapita. Kisha mzee akaivuta projekta kongwe, na vidole vyake, vilivyokuwa vikivisha filamu gizani miaka arobaini, vikakosea mara mbili.

"Baba, mbona leo unakosea?"

"Baridi," alisema mzee, na jasho lilikuwa linamtiririka.

Mama akatokea kwenye shuka. Alitoka mlango wa jikoni, akabeba ndoo, akatembea. Alikuwa anatembea kwa kuvuta mguu wa kushoto kidogo, na binti, ambaye maisha yake yote aliambiwa na shangazi yake anyanyue miguu, aliziba mdomo akalia. "Anatembea kama mimi," alisema. Shangazi alimshika bega. Hapo ndipo mzee alipoamini kwamba mambo yamekwisha salama, na akaanza kuhesabu moyoni picha zilizobaki kufika mwisho.

Mama aliinama kwenye ndoo, akanyanyua kibanio, nusu ya uso ikageuka, na hapo ndipo filamu ilipotakiwa kuisha, maana mbele ya hapo hakukuwa na kitu ila mkia mweupe usio na picha, kile kipande yeye mwenyewe amekikata, yeye mwenyewe amekiona kinaungua, lakini mashine iliendelea kuvuta, tik-tik-tik, na uso ukaendelea kugeuka, taratibu, mpaka ukawa mzima, mzuri, wenye kishimo shavuni, ukawatazama. Na ukasimama.

Mzee aliivuta waya ukutani. Mota ikanyamaza, taa ikazimika, na picha ikabaki palepale kwenye shuka, tena imezidi kung'aa, na ile harufu ya sabuni ikawajia usoni yote kwa pamoja, na chini yake harufu ya kwato zilizoungua, na shuka la kwenye picha likaanza kupumua, na lile la sebuleni, ambalo mzee alilitundika kwa mikono yake nusu hatua kutoka ukutani, nalo likaanza kupumua, yote mawili pamoja, yakivimba na kurudi, na mzee alipoteremsha macho mpaka kwenye pindo la maua aliona, kati ya pindo na sakafu, miguu miwili imesimama, na haikuwa na viatu vya visigino, zilikuwa kwato, na maji yalikuwa yanachuruzika kutoka humo yanakuja upande wao.

"Mama," alisema binti. Alikuwa amesimama. Alikuwa ameshapiga hatua mbili.

"Usimtazame," alinong'ona mzee, lakini binti hakumsikia. Shangazi alipapasa sakafuni akitafuta mkasi wake.

Binti akapiga hatua nyingine, mkono mbele, bado kidogo aguse shavu. Kisha akasita.

"Anaongea," alisema.

Kweli, katika uso ulioganda, midomo ilikuwa inacheza, polepole, bila sauti, kama ilivyocheza siku ile uani mbele ya kamera. Mzee alikuwa ameitazama midomo ile miaka thelathini na miwili akiwa amefumba macho, na hajaambulia hata neno. Lakini mwanawe kila siku ya kazi alikaa mbele ya watoto wasiosikia, akiwasoma midomo nao wakimsoma yake.

"Anasema," binti alisema. "Anasema, funga macho. Funga macho, mwanangu."

Alibaki amesimama pale, hatua moja kutoka kwenye shuka. Mtu aliyesubiri jambo moja maisha yake yote, amelipata, na anayempa ndiye anayemwomba aliache.

"Mama, sijakutazama nikashiba," alisema.

Akafumba. Akafumba kwa nguvu mpaka uso wote ukakunjamana, akazungusha mikono tumboni, akageuka akaupa uso ule mgongo.

Shuka likavimba mpaka kamba ikalia. Shangazi hakuwahi kueleza nguvu alizipata wapi, ila alikuwa ameshalifikia, akatia mkasi kwenye pindo la maua alilolishona mwenyewe, akapasua kutoka chini kwenda juu, moja kwa moja, mpaka kwenye kamba, katikati ya uso wa wifi yake. Kukasikika kishindo cha kwato mbili kwenye sakafu, halafu kimya. Nyuma ya shuka kulikuwa na ukuta tu, umelowa mpaka usawa wa kifua.

Mzee ndiye aliyemkamata mwanawe asianguke. Filamu yote aliichoma siku hiyohiyo bila kuambiwa, na safari hii Shangazi alisimama akahesabu mpaka inchi ya mwisho.

Mtoto alizaliwa mwezi wa pili, wa kike, mzima, kilo tatu na ushei, na kishimo shavuni. Walifurahi mpaka wakaogopa kufurahi. Binti hakumlaumu baba yake hata mara moja, jambo ambalo lilimuuma mzee kuliko lawama.

Wiki iliyopita Shangazi alikuwa anakunja nguo za mtoto mchana, dirisha wazi, redio ya jirani inaimba. Alipofika kwenye kishuka cha kulalia aliupitisha ukingo kwenye ukucha, kama anavyofanya kwa kila nguo ya humo ndani tangu mzee alipomweleza lile pengo la filamu. Ukucha ukakwama. Akausogeza kwenye mwanga. Pengo lilikuwa dogo, safi, limekatwa leo.

Akageuka kumtazama mtoto kitandani. Muda si mrefu uliopita alikuwa anachezesha miguu. Sasa mguu mmoja ulikuwa juu, vidole vimetanuka, mdomo umefunguka nusu kwa kicheko ambacho hakikuwa kinatoka. Macho yalikuwa wazi na hayapepesi. Pazia la dirishani lilikuwa linapumua, na siku hiyo hapakuwa na upepo.

Shangazi alianza kuhesabu. Alipofika kumi na moja, mguu ukateremka, na mtoto akacheka.