Fuvu la Ninetta

Mto wa kulalia wa Ciro ulikuwa umelowa tena. Dora aliunusa. Haikuwa harufu ya jasho la mtu bali ya nta ya mishumaa na udongo wa chini ya kanisa, naye alijua harufu hiyo ilikotoka.

"Mama, nani huyu anayekuja kukaa kitandani kwangu mchana?" Ciro aliuliza. "Kila mara anauliza mama yake yuko wapi."

"Umeota tu. Kunywa kahawa yako."

Hakuwa ameota, na mama yake alilijua hilo vizuri.

Katika basilika, kanisa kubwa la mtaa wao, juu wamelala wakuu chini ya marumaru, na wageni huja kuwapiga picha pamoja na mchoro wa roho za toharani, zinakotakaswa kabla ya kuingia mbinguni, zikiinua mikono motoni. Chini, kwenye chumba cha mifupa, wamelala watu wa tauni ya zamani wasiojulikana hata majina. Hao ndio ambao wanawake wa Napoli huwachukua kuwatunza. Kila mmoja na fuvu lake: analifuta vumbi, analipa jina na leso ya kulalia, analiombea burudisho maana toharani kuna joto, nalo likimpenda hujibu dua zake. Likitoa jasho, ujue linasikia.

Fuvu la Ninetta, jirani wa ng'ambo ya ngazi, lilitoa jasho, na Ninetta alilizoea hata akaliita mwanangu. La Dora lilikuwa kavu kama mkate wa juzi. Basi homa ilipoingia jengoni ikamlaza Ciro, ikamlaza na Rafele, mtoto wa pekee wa Ninetta, Dora aliteremka kanisani peke yake, akaliweka fuvu lake kavu kwenye leso ya Ninetta, akachukua lile la jasho, akaliweka kwenye leso yake mwenyewe, akalipigia magoti. Ciro akapona. Rafele, aliyemwita Dora shangazi tangu hajajua kutembea, akazikwa. Msibani Dora aliwapikia watu wote supu, na mwenyewe hakuweza kumeza hata kijiko kwa aibu.

Mchana ule mtaa ulipofunga madirisha kulala, saa inayoogopwa huko Napoli kuliko usiku, Dora alisikia nyayo tupu zenye maji zikitoka jikoni, zikaja polepole ukumbini huku harufu ya nta ikitangulia mpaka ikamkaa kooni, zikasimama mlangoni kwa Ciro, zikaingia, na humo ndani Ciro akawa anaongea na mtu kwa sauti ya chini, kisha sauti mbili zikasema maneno yaleyale kwa pamoja, kisha ikabaki sauti moja tu, nayo haikuwa ya mwanawe.

"Mama yangu yuko wapi?"

Dora alikimbia na ndara zake hadi kanisani, akashuka chini. Ninetta alikuwa pale, analifuta fuvu kavu.

"Ninetta, dada yangu," alinong'ona, "hilo si lako. Nililibadilisha. Watoto walipokuwa wagonjwa."

Ninetta hakugeuka. "Leso nimeitarizi mwenyewe, na mwanangu nimemfuta uso kila Jumatatu. Unadhani sikujua?"

"Ulijua? Mbona hukusema?"

"Nilijua nilipotoka kuzika. Ningesema ili afufuke nani?"

"Nisamehe, Ninetta. Nimeoza kwa dhambi hii."

"Mimi nimekusamehe. Kinyongo kinaniharibia tumbo. Huyo uliyemwiba simsemei. Mlete."

Dora alilibeba likimtiririkia mikononi, akalilaza kwenye leso ya Ninetta, mahali pake pa zamani. Ninetta aliliinamia, akalinong'oneza taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyekataa kula. Jasho lote likakauka.

"Umemwomba nini?" Dora aliuliza.

"Kilekile nilichotaka kumwomba siku ile, nikakuta hayupo. Anirudishie Rafele wangu."

Dora alirudi nyumbani akijiambia kwamba maneno hayo ni ya mama mwenye uchungu tu.

Asubuhi mto ulikuwa mkavu, unanukia sabuni. Dora aliukumbatia, akalia kwa furaha, akaenda kuweka kahawa motoni. Ng'ambo ya ngazi mlango wa Ninetta ulikuwa wazi. Meza ilikuwa imetandikwa kwa watu wawili.

Ciro alitoka chumbani amechana nywele upande ambao hakuwahi kuzichania. Akambusu Dora kwenye paji la uso, kwa adabu sana.

"Kahawa tayari, mwanangu."

"Asante, shangazi," alisema. "Nitakunywa kwa mama, ananingoja."

Akavuka ngazi. Dora alifungua kinywa apige kelele kwamba huyo ni mtoto wake, ameibiwa. Akamwona Ninetta mlangoni, anamtazama bila chuki yoyote, na sauti ikakataa kutoka.