Sigiri Chini ya Pikapu

Nyumbani kwa Lomoro, huko Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, siku ilianza kwa sauti mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mashine ya kukamua alizeti. Santina, mke wa Lomoro, alivuta mpini mrefu chini, ukalia kama mlango wa zamani, na mafuta ya manjano yakachuruzika ndani ya ndoo. Sauti ya pili ilikuwa ya pikapu ya Lomoro. Hiyo ilikohoa, ikanyamaza, ikakohoa tena.

Ilikuwa miaka ile baada ya watu kurudi kutoka Sudani na Zaire, walikokimbilia vita. Walikuwa wamejenga nyumba upya na kulima mashamba, lakini dizeli ilikuwa haba. Malori ya kwenda mpakani Oraba yaliimaliza yote. Basi Lomoro akafikiria mafuta ya mke wake. Pikapu yake ilikuwa ya dizeli, na injini ya dizeli inaweza kutumia mafuta ya alizeti. Alifunga tangi la pili chini ya bodi, akaweka na koki ya kubadilisha mafuta. Tangi dogo lilikuwa la dizeli, kubwa lilikuwa la alizeti. Pikapu ikipita ilinukia kama mtu anakaanga mandazi, na watoto waliikimbilia kwa njaa.

Shida ilikuwa moja. Mafuta ya alizeti ni mazito. Asubuhi ya mvua huzidi kuwa mazito, hayapiti vizuri kwenye chujio, na injini inazimika.

Mzee Severino, baba yake Lomoro, alikuwa na dawa ya shida hiyo. Zamani aliendesha lori la jeshi. Kwenye baridi ya milimani, yeye na wenzake waliweka makaa ya moto chini ya injini kabla ya kuiwasha. Kwa hiyo kila asubuhi mzee alijaza makaa katika sigiri, jiko la kupikia la Santina, akaisukuma chini ya tangi la alizeti. Kisha aliketi kwenye kigoda kando yake, kama askari wa zamu.

Santina hakupenda jambo hilo. Alikuwa amesema mara nyingi, kwa heshima, kwamba sigiri ni ya sufuria.

"Mimi niliendesha lori ya jeshi miaka kumi na mbili, mwanangu," mzee alimjibu. "Hata moja haikuungua."

Wiki hiyo nyumba nzima haikutulia kwa furaha. Natalina, binti yao wa kwanza, angefunga ndoa Jumamosi, saa tatu asubuhi, katika kanisa moja la Arua. Gauni lilikuwa tayari, limefunikwa kwa shuka safi. Natalina alikuwa ameacha kula vizuri. Kila alipopita uani aliuliza kama pikapu iko sawa, na baba yake alimwambia aulizie gauni lake. Lakini Lomoro mwenyewe alikuwa na wasiwasi. Hakukuwa na gari jingine la kumpeleka bibi harusi na watu wake. Na katika tangi dogo zilibaki lita nne tu za dizeli. Hizo hazingemfikisha Arua na kumrudisha.

Alhamisi asubuhi Lomoro alitaka kuijaribu pikapu. Mvua ilikuwa imenyesha, kwa hiyo mzee aliongeza makaa kuliko siku zote. Bomba la mpira lililotoka kwenye tangi likalainika kwa joto. Tone moja la mafuta likaanguka juu ya makaa. Likafuata la pili. Kisha mwali ukapanda hadi kwenye tangi.

Mzee aliingiza mkono kuivuta sigiri, akaungua. Lomoro alikamata ndoo ya maji na kukimbia nayo. Mindra, jirani anayekaanga mandazi kando ya barabara, alikuwa amekuja kununua mafuta. Alimzuia kwa mikono miwili.

"Weka chini hayo maji, Lomoro. Mafuta yanayowaka hayamwagiwi maji. Yatakurukia usoni."

Mindra aliyajua mafuta ya moto kwa miaka mingi. Alimwambia Santina avute sigiri kwa jembe lenye mpini mrefu, na wengine wote warudi nyuma. Yeye na Lomoro walichota mchanga wa kujengea kwa beseni, wakaumwaga juu ya moto. Moto ukakosa hewa, ukafa. Ndipo Mindra alipotumia maji. Aliushika mkono wa mzee, akaumwagia maji safi ya baridi, kidogo kidogo, kwa muda mrefu. Hakupaka mafuta wala dawa ya meno. Na kazi yake ya mandazi ilimngoja asubuhi yote.

Bomba lilikuwa limeyeyuka. Tangi lilikuwa jeusi. Natalina aliingia ndani akaketi karibu na gauni lake.

Wakati huohuo mgeni aliingia uani. Alikuwa Candia, baba mdogo wa bwana harusi. Alikuwa fundi wa magari huko Arua. Alikuja amevaa koti safi, kuuliza watu wangapi watakuja na watafika saa ngapi. Kwa desturi, mkwe akija hukalishwa kwenye kiti kizuri, hupewa chakula, na haoneshwi matatizo ya nyumba. Kwa hiyo Lomoro alisimama mbele ya pikapu, akatandaza mikono, akamkaribisha sana. Moshi ulipanda nyuma ya mgongo wake.

Candia aliutazama moshi huo.

"Mkwe," akasema, "wewe unatoka moshi."

Natalina alicheka kutoka ndani ya nyumba. Kicheko hicho kilimfungua baba yake kinywa, akaanza kueleza. Lakini Mzee Severino alimkatiza. Alisema kosa ni lake, yeye ndiye mwenye makaa. Candia hakumcheka mzee. Alichuchumaa mbele yake, akautazama mkono wake kwanza, kisha ndipo akazungumza.

"Mzee, kitu moja ulijua vizuri. Mafuta hii inataka joto. Lakini moto haikai chini ya tangi. Hujui makaa iko na nguvu gani, na bomba likitoboka, gari imekwisha. Pengine na watu."

"Sasa joto itatoka wapi?" mzee aliuliza.

"Kwa injini yenyewe. Injini iko na maji yake, yale ya rejeta, ya kuipoza. Ikitembea, maji yanakuwa moto sana. Joto lake tunatupa tu hewani. Tupitishe maji hayo kwa bomba, ndani ya tangi la alizeti. Maji yatapasha mafuta, halafu yatarudi kwa injini. Maji hayawezi kuchoma mafuta."

Lomoro alikunja uso, akifikiri. Santina ndiye aliyeelewa kwanza.

"Kama maziwa ya mtoto," alisema. "Kikombe huweki juu ya makaa. Unakiweka ndani ya maji moto."

"Mama Natalina," Candia alisema, "ungekuwa fundi, mimi ningekosa kazi."

Akavua koti lake. Hapo Lomoro alishtuka. Mkwe kulala mavumbini chini ya gari, tena siku mbili kabla ya harusi, lilikuwa jambo la aibu. Koboko nzima ingelizungumza. Alimwomba Candia aketi, aseme tu, yeye Lomoro atafanya. Candia alisema kazi nyingine haifanywi kwa mdomo. Wakavutana hivyo, mmoja ameshika koti, mwingine ameshika kiti.

Santina aliingia ndani. Alitoka na mkeka mpya, ule uliofumwa kwa ajili ya wageni wa harusi. Aliutandika chini ya pikapu, akaunyoosha vizuri kwenye ncha zake.

Candia alilala juu yake, akatazama tangi.

"Sasa niko kwenye mkeka wa wakwe zangu," alisema. "Nani atasema nimekaribishwa vibaya?"

Lilihitajika bomba la chuma. Lomoro alilitafuta sokoni akarudi mikono mitupu. Nyuma ya nyumba kulikuwa na lori bovu la jeshi, lile alilokuwa akiendesha mzee, lililoachwa hapo tangu vita vya mwaka 1979. Majani yaliota ndani yake na kuku walitagia kwenye kiti cha dereva. Kwa miaka yote Mzee Severino alimkataza kila mtu kung'oa hata skrubu moja. Sasa aliinuka, akaondoka. Alirudi ameshika msumeno wa chuma kwa mkono usioungua, akampa Candia.

"Bomba iko kwa lori yangu," alisema. "Kata."

Candia alilala kwa Mindra, na Ijumaa kazi iliendelea kuanzia alfajiri. Walilishusha tangi, wakamwaga mafuta yote, wakaliosha mara tatu kwa maji ya moto na sabuni. Candia aliwaeleza kwamba tangi lenye mvuke wa mafuta likichomelewa linaweza kulipuka. Kisha mchomeleaji waliyemwita kutoka sokoni aliingiza bomba lililopindwa mara nne, kama nyoka. Walipuliza hewa ndani yake na kupaka povu la sabuni kwenye maungio. Hakuna mahali palipotoa mapovu. Wakaweka mabomba mapya ya mpira, wakayafunga kwa klipu mbali na ekzosi, bomba la moshi lenye joto. Kwenye kifuniko cha tangi Candia alitoboa tundu dogo, ili tangi lipumue.

Baadaye alimfundisha Lomoro, na Lomoro alirudia kila neno. Utawasha kwa dizeli. Utaendesha kama robo saa, hadi mafuta ya alizeti yapate joto. Ndipo utageuza koki. Dakika tano kabla ya kuzima, utairudisha koki kwa dizeli, ili mafuta mazito yasilale ndani ya injini na kuganda humo. Usifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto, maji yatakuchoma. Na mafuta yachujwe kwa kitambaa safi, yatulie siku tatu, ili maji na uchafu vikae chini. Santina alisema ya kwake yametulia wiki nzima. Kwa hiyo lita nne za dizeli zingetosha, kwa kuwa zilikuwa za kuanzia safari na kuimalizia tu.

"Nitajuaje kama imepata joto?" Lomoro aliuliza.

Candia alimgeukia mzee. Alisema hapo anahitajika mtu mwenye subira, wa kusimama na kushika bomba linalotoka kwenye tangi. Likiwa vuguvugu, bado. Likiwa moto hata huwezi kulishika kwa muda, tayari.

"Mzee, hiyo ni zamu yako."

Mzee Severino alinyoosha mgongo.

Candia alipanda lori la Arua jioni hiyo. Jumamosi, saa kumi na mbili asubuhi, mvua ndogo ilinyesha. Natalina aliketi mbele na gauni lake jeupe. Nyuma walijaa mzee, Santina, shangazi, binamu, Mindra na beseni la mandazi. Pikapu iliwaka kwa dizeli mara moja. Baada ya robo saa ya safari Lomoro alisimama kando ya barabara, injini ikiunguruma. Mzee alishuka, akainama, akashika bomba kwa mkono mzima.

"Bado," alisema.

Shangazi waliacha kuimba. Natalina alifumba macho. Kila mtu alijua kwamba siku za mvua gari lilikuwa likizimika koki ikigeuzwa tu. Mzee alingoja, akashika tena. Mara hii aliondoa mkono haraka, na uso wake ukafunguka kama wa mtoto.

"Sasa," alisema.

Lomoro aligeuza koki. Walisikiliza wote. Injini ilinguruma, ikaendelea kunguruma. Haikukohoa hata mara moja. Harufu ya mandazi ilitoka nyuma ya gari, na vigelegele vikapigwa hadi wakulima wakasimama mashambani kuwapungia mikono. Walipofika karibu na mji, mzee alimkumbusha Lomoro kurudisha dizeli, ingawa Lomoro alikuwa ameshaishika koki.

Candia alikuwa akingoja mlangoni mwa kanisa, na lile koti lake safi. Kabla hajawaona alinusa hewa, akawaambia watu wake kwamba bibi harusi amefika. Ilikuwa saa mbili na nusu.

Baada ya ibada, watu walileta zawadi. Mzee Severino alikuja na kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Alikiweka mbele ya Natalina, akakifungua polepole kwa sababu ya mkono wake. Ilikuwa ile sigiri. Alikuwa ameisugua kwa majivu na mchanga hadi ikang'aa, na masizi yote yalikuwa yametoka.

Alimtazama Santina kwanza, kisha mjukuu wake.

"Chukua, mama," alisema. "Hii ni ya sufuria."