Upande Aliopangiwa Erisa

Duka la fotokopi la mtaa wa Al Rigga, Dubai, lilijaa Ijumaa ile mpaka wengine wakasubiri nje, juani. Jamaa wa mashine alizidiwa, akawa anagawa karatasi kama anayegawa sahani shughulini: huyu chukua, yule chukua, yalla, yalla. Paskazia alikuwa ameshafika kwenye taa za barabarani alipozitupia macho zake. Badala ya insha yake juu ya tembo wanaomalizika, alishika kurasa zinazouliza kama wanafunzi waruhusiwe kubeba bunduki chuoni.

"Mungu wangu!" Akarudi mbio.

Mlangoni nusura amgonge kijana mrefu, shati lake la ulinzi limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama. Alikuwa anasoma, midomo ikicheza.

"Nyabo, dada yangu, wewe ndiye mwenye tembo?"

"Na wewe ndiye mwenye bunduki?"

Wakacheka. Kumbe walisoma Kiingereza chuo kimoja pale Deira, ila Paskazia alikuwa wa Ijumaa, kabla ya zamu yake ya mgahawani, na kijana huyu, Erisa wa Uganda, wa Jumamosi. Kitabu chao kilikuwa cha Kimarekani, na mada zake ndizo hizo.

"Huku hata kisu cha kumenyea embe ukikutwa nacho unaitwa pembeni," Paskazia akasema, "halafu tunajadili bunduki!"

"Mimi tembo wako nimewasoma mara mbili. Karibu nilie."

"Muongo mkubwa."

"Banange! Niulize chochote."

Akamuuliza, naye akajibu yote, hata pori la Biharamulo hakulisahau. Kulisikia jina la kwao kinywani mwa mgeni kulimfurahisha Paskazia kuliko alivyotaka kuonyesha. Waliagiza chai ya maziwa duka la jirani, na kabla haijapoa walishapeana namba.

Tangu hapo simu hazikukatika.

"Umekula, mrembo?"

"Nimekula. Wewe je?"

"Nimeshiba sauti yako."

"Utakonda, mpenzi. Na hicho Kiswahili chako mbona kimevaa buti? Ulikisomea kambini?"

"Kwa mjomba," Erisa alijibu haraka, akabadilisha mazungumzo.

Siku moja ya mapumziko walipanda basi hadi Hatta. Paskazia alivaa gauni la kitenge cha njano, na kwa mara ya kwanza alimwona Erisa bila sare, shati jeupe limekunjwa mikono. Aliona haya kumtazama, akatazama maji ya bwawa na milima mikavu iliyolizunguka. Hapo ndipo alipomweleza habari za baba yake, askari wa wanyamapori, aliyepigwa risasi na majangili. Kwa miaka mingi mama yake alikuwa akisimama mlangoni kila jioni kungoja, na jioni moja walikuja watu wengine.

"Mimi sitaki kuwa mke wa kungoja mlangoni," alisema. "Mwanaume wa bunduki simtaki, hata awe malaika."

Erisa aliinama. Aliokota kokoto, akaishika tu. Paskazia alidhani ni huzuni, akampenda zaidi kwa ukimya ule.

Mwisho wa muhula madarasa mawili yaliunganishwa kwa mdahalo. Mwalimu Soud, mzee wa Kiunguja aliyezeekea Dubai, aliketi mbele na kanzu yake safi. Erisa akasimama upande wa kutetea bunduki vyuoni, naye aliutetea barabara. Alieleza jinsi mlinzi anavyosimama, kidole kinavyokaa nje ya kifyatulio, macho yanavyosoma mikono ya watu na si nyuso zao. Mfilipino mmoja akauliza ameyajulia wapi.

"Baghdad," Erisa akasema. "Nililinda geti la chuo huko. Miaka miwili."

Paskazia alikusanya vitabu vyake, akatoka bila kuaga.

Simu iliita mpaka akaipokea.

"Paskazia, ule upande nilipangiwa tu! Mwalimu alitugawa Jumamosi, wewe hukuwepo."

"Na Baghdad nako ulipangiwa?"

Paskazia hakungoja jibu.

"Nilikaa mbele yako Hatta nikakufungulia moyo wangu, nawe umeshika kokoto! Kuna nini kingine hujaniambia?"

"Kuna mkataba," akasema taratibu. "Wa kurudi kule. Wakala anangoja jibu. Sijasaini."

"Kasaini," akamwambia, akakata. Kisha akalia jikoni mgahawani, akasingizia vitunguu.

Alimpenda, na hilo ndilo lililomuuma. Angemchukia mara moja ingekuwa nafuu.

Wiki iliyofuata Mwalimu Soud aliwakutanisha tena, akageuza pande. "Leo kila mtu ataisema hoja ya mwenziwe. Paskazia, wewe utetee bunduki."

"Mwalimu, nipe tembo. Hiyo siiwezi."

"Utaiweza, mwanangu. Wala sikwambii uiamini. Iseme tu kama anavyoisema anayeiamini."

Alisimama akaanza kwa Kiingereza cha kitabuni, bila moyo. Usalama, haki, sheria. Kisha akaziweka karatasi mezani. Alipoendelea, maneno yalimtoka kwa Kiswahili, na mwalimu akamwacha.

"Baba yangu alikuwa na bunduki. Kuna tembo wanaozaa leo kwa sababu yake. Siku aliyouawa walikuwa wawili doria, bunduki moja, na haikuwa mikononi mwake." Akafuta macho. "Miaka yote nasema bunduki ilimuua. Angekuwa nayo siku ile, labda angerudi. Sijawahi kulisema hilo, hata kwa mama."

Wengi darasani hawakuelewa neno, lakini machozi waliyaelewa. Erisa aliposimama kujibu, naye akajibu kwa Kiswahili.

"Pale getini kulikuwa na mwanafunzi. Kila asubuhi tulikuwa tunasalimiana. Siku moja akaingiza mkono kwenye begi ghafla. Nikamwelekezea mtutu kifuani. Kidole kilikuwa kimeshaingia ndani. Akatoa kalamu." Akakitazama kidole chake. "Sikumpiga. Lakini tangu siku ile alikuwa anainua mikono juu tangu mbali, akifika kwangu anatetemeka. Kijana wa watu anakwenda kusoma! Nilikuwa namlinda mimi, na aliyekuwa anamwogopa ni mimi. Bunduki isiingie chuoni. Hata yangu."

Paskazia hakusikia alama walizopewa. Alimsubiri nje, kwenye ngazi. Erisa akatoka. Alichukua simu, akapiga mbele yake.

"Wakala? Mimi Erisa. Jina langu futa."

"Una wazimu? Watu wanaililia nafasi hiyo!"

"Wape. Mimi khalas, nimemaliza, ssebo."

Akaikata.

"Umefanya hivyo kwa ajili yangu?"

Paskazia alipouliza alikuwa akiomba kimoyomoyo asijibu ndiyo. Mtu akiacha riziki kwa ajili yako, ipo siku atakudai.

"Hapana," Erisa akasema. "Nakupenda, unajua. Ila ningekuja hapa ukaniambia potelea mbali, bado nisingerudi. Sitaki tena mtu aniinulie mikono."

Paskazia alimtazama sana. Hasira ilikuwa imemtoka, asijue saa ngapi.

"Ungeniambia mapema."

"Niliogopa. Baghdad sikuogopa hivyo."

"Usinifiche kitu tena."

"Sitakuficha. Na hili nalo nisilifiche." Akavua kofia ya kazi. "Mimi ni mlinzi wa mlango wa duka la manukato. Silaha yangu ni filimbi. Utanikubali?"

Watu walikuwa wanapanda na kushuka, wakiwakwepa, mmoja akinung'unika kwa Kihindi. Paskazia hakusogea.

"Nimekukubali," akasema. "Lakini kwa mama utakwenda mwenyewe, uzungumze naye ana kwa ana. Na Baghdad uanze nayo."