Mawe ya Meko ya Dell

Jua lilikuwa limeanza kuelekea nyuma ya milima ya Ozark pale Dell Hargis alipokwenda na pikapu yake kumchukua Bibi Ozella Teague, aje amtafutie maji. Majira ya baridi yalikuwa karibu na kisima kilikuwa hakijachimbwa. Huko milimani Arkansas mtu hachimbi kisima mpaka mjuzi apite kwanza na panda ya mpichi mkononi, kijiti kinachoinama penye maji. Dell aliona ni upuuzi mtupu, lakini mwenye mashine ya kuchimbia alikataa kuja bila hivyo.

Ardhi ile aliinunua kwa sababu moja tu: haina masharti. Mjini alichoshwa na kamati ya mtaa iliyompangia hata rangi ya mlango. Akauza nyumba, akampakia mkewe Nadine na mimba yake kwenye karavani, nyumba ya magurudumu, wakahamia porini. Nyumba ya magogo sasa ilikuwa imesimama, ingawa bado walilala karavanini, na meko ya mawe aliyamaliza jana. Mwanawe angezaliwa kwake, mahali pasipo na wa kumpangia kitu. Kuuliza si ujinga, lakini Dell hakumwuliza mtu neno.

Bibi Ozella akaishika panda kwa mikono miwili, akapita bondeni. Kimya. Akapita mteremkoni. Kimya. Alipoisogelea nyumba, panda ikainama... ikamvuta. Ikamwingiza mlangoni hadi mbele ya meko, viganja vyake vimechubuka.

Chumba kizima kilinuka udongo mbichi.

"Ni maji?" Dell alinong'ona.

"Maji hayavuti hivi. Haya mawe umeyatoa wapi, mwanangu?"

Dell akamweleza, tena kwa fahari. Kule juu, chini ya mierezi. Yalikuwa yamesimama tu kwa mistari, bapa, hayana hata maandishi. Madogo yalimfaa sana kuzibia mapengo.

Bibi akafumba macho. Watu wa kwanza wa hapa walikuwa maskini, akasema. Hawakuwa na uwezo wa kuchongesha majina. Walisimamisha jiwe tupu, na kila mama alilijua la kwake. Hayo madogo ni ya watoto waliokufa kwa homa.

"Kwenye karatasi hakuna makaburi," Dell akasema.

"Kwani wewe ulinunua karatasi au ardhi?"

Ndani ya meko kitu kikakwaruza. Taratibu...

Kucha. Kucha ndogo.

Dell akakamata nyundo. Saruji ilikuwa haijakauka vizuri. Akabomoa kwa pupa, wakayapandisha mawe kwa pikapu kabla giza halijaingia. Chini ya mierezi mashimo yalikuwa bado wazi. Bibi alishika jiwe moja moja, akatulia, kisha akaonyesha: hili pale, lile kule. Kila moja liliporudi, harufu ilipungua. Dell akaanza kupumua. Moyoni alishaanza kujiambia kwamba meko atayajenga upya, kwa mawe ya kununua.

Mwisho likabaki jiwe moja mkononi mwake, dogo kuliko yote. Lilikuwa na unyevu. Mashimo yalikuwa yamekwisha.

"Na hili?"

Bibi hakulishika. Alirudi nyuma.

"Hilo si lao."

"La nani sasa, Bibi?"

 Bibi alikuwa anatazama chini, kwenye karavani. Mlango ulikuwa umefunguliwa, na Nadine amesimama kwenye mwanga, mikono yote miwili tumboni.

"Dell," aliita. "Mtoto hajacheza tangu nilipoamka."

Hospitali ilikuwa mbali, ng'ambo ya milima. Ile nyumba ya mjini, iliyokuwa jirani na hospitali, aliiuza mwenyewe, tena akicheka, na sasa alijichukia kwa kila kicheko. Alitaka kulitupa lile jiwe. Akageuka huku na huku nalo mkononi, asione mahali pa kuliweka ambapo pasingekuwa kaburi.