Amekubali Kila Kitu

"Hii picha ya Yesu inafanya nini hapa?"

Binti aliyeuliza, fundi cherehani, alikuwa amemletea mchumba wake kanzu nyeupe ya ubatizo aijaribu. Mchumba abatizwe Jumapili, la sivyo ndoa hakuna: ndivyo alivyosema baba wa binti, mzee wa kanisa, na kauli yake haina kona. Sasa binti kasimama mbele ya rafu ya mama mkwe wake mtarajiwa. Taa ya mafuta inawaka, miungu ya Kihindu imepangwa vizuri, na katikati yao yupo Yesu, kavishwa shada la maua.

"Mama kamkaribisha," alijibu mchumba, fundi miwani, mtu mpole asiye na haraka. "Anasema mgeni hapewi nafasi ya pembeni."

"Mpenzi, kubatizwa si kuongeza. Ni kuwaacha hawa wengine."

"Kuwaacha? Mbona sikuelewa hivyo?"

"Darasani ulikuwa unasikiliza nini?"

"Kwamba nimpende Mungu. Nikasema sawa, nampenda."

Binti alitaka kucheka, akashindwa.

"Unaamini ni yeye peke yake?"

"Kwetu hakuna anayekuuliza unaamini nini. Unazaliwa humo, unawasha taa, unatunza wazazi. Nyie mna mlango wa kuingilia, sisi hatuna. Lakini niambie cha kutamka, nitatamka. Nakutaka wewe."

Hapo moyo ukamuuma binti kwelikweli. Angenyamaza tu, ndoa ilikuwa mkononi, na nani angejua? Lakini alikulia kanisani. Kwake, neno lisilotoka moyoni ni kumdanganya Mungu, na hakutaka yeye ndiye amfundishe mumewe unafiki. Akachukua simu akaandika: "Baba, Jumapili habatizwi. Nimemzuia mimi."

Simu ikaita papo hapo.

"Kakataa?"

"Hapana, baba. Kakubali kila kitu. Ndiyo shida yenyewe."

Akamweleza yote, mpaka shada la maua.

"Weka spika, nizungumze naye."

"Shikamoo, mzee," alisema fundi miwani.

"Marahaba. Hivi kweli ungetamka usichokiamini mbele ya Mungu wangu?"

"Kwa ajili ya binti yako, ndiyo. Kwetu hiyo ni heshima."

"Kwetu ni uongo. Na huyo hapo kaona bora akukose kuliko useme uongo huo."

Fundi miwani akamtazama mchumba wake. Alikuwa analia taratibu, wala hafichi.

"Mzee, taa ya mama yangu siwezi kuizima."

"Sijakuomba uizime. Ila kanisani siwapeleki, dhamiri yangu hainiruhusu. Mtafunga ndoa serikalini."

"Bila baraka zako, baba?" binti aliuliza.

"Serikalini wanataka mashahidi wawili, mwanangu. Mmoja ni mimi. Wa pili, kamwombe mama mkwe wako."