Huyu Si wa Nyumba Hii

"Wakati wa homa ya mbu mwaka jana, ulikuwa ukiishi nyumba hii?" aliuliza mpima damu, macho kwenye kishikwambi.

"Ndiyo," alijibu fundi cherehani, mkono keshaunyoosha.

Uongo mtupu. Nyumba ilikuwa ya shangazi yake. Utafiti ulitaka kujua ni wangapi mtaani waliwahi kuambukizwa, na kura ya kuchagua nyumba iliiangukia ya shangazi, ikairuka ya kwao. Yeye kaja mbio na gauni jipya, ili mwanamume huyu amshike mkono tena.

Mpima damu aliufungua mpira aliokwisha kumfunga mkononi. Kidole kimoja kikachelewa kwenye ngozi.

"Siwezi. Wewe uliishi nyuma ya mashine ya kusaga. Nikichukua damu yako hapa, naharibu hesabu ya mtaa mzima."

"Kumbe kwetu unapakumbuka. Nilidhani umesahau njia."

Mpima damu alitoa simu, akamsomea ujumbe aliokuwa ameutunza. "'Tafadhali usije tena.' Nani aliandika?"

"Mimi."

"Basi. Sikuja."

"Viungo vilikuwa vimekakamaa, nimepinda kama ndoana, hata kitana sishiki, mama ananilisha. Ningekubali vipi unione vile? Nilikukataza kuja wakati wa homa. Sikukukataza maisha."

"Hukusema hivyo."

"Na wewe hukuuliza."

Shangazi, pamba kaibana kwenye kiwiko, alishusha pumzi. "Nimeolewa miaka thelathini, sijapata kutiiwa namna hii. Baba, ukiambiwa usije na mtu anayekupenda, unakuja uulize kwa nini."

"Nilikuja, Shangazi. Mara nyingi. Nafika kwenye kona, naona taa dirishani kwake, narudi."

Fundi aliinamisha uso. "Ile taa nilikuwa siizimi," alisema taratibu. "Kila nikisikia hatua, nasema ndiye."

Mpima damu alikifunga kisanduku cha vichupa.

"Hii ndiyo nyumba yangu ya mwisho leo. Kwenu yupo nani?"

"Mama."

"Atanifungulia?"

"Atakufungulia. Ila kwanza atakusema mpaka ujute kuzaliwa."

"Na akimaliza, nianzie wapi?"

Fundi alikuwa keshafika mlangoni, anavaa viatu.

"Wewe mwite Mama. Mengine ataelewa mwenyewe."