Nyungunyungu wa Mwalimu Atuganile

Saa mbili asubuhi mtambo wa vivulinuru uliwaka darini, na watoto kumi na mmoja wakatokea mkekani, kwenye chekechea moja ya Mbeya. Miili yao ilikuwa imebaki nyumbani. Kilichokuja ni mwanga tu, wenye sura, sauti, hata kamasi za puani. Wazazi waliufurahia mtambo: nani amtoe mtoto nje kwenye baridi ile? Lakini Mwalimu Atuganile alikuwa na miaka minne hajamfuta mtoto kamasi, na jambo hilo lilimuuma.

Ndiyo maana akaanzisha ufugaji wa nyungunyungu. Mtoto mdogo akiona kitu kinajinyonganyonga, lazima atake kukishika, na wa kushika lazima aje. "Aje hata mmoja," alijiambia, akitandaza udongo, maganda ya ndizi na makapi ya chai kwenye kreti.

"Haya, sogeeni!"

Wakalizunguka kreti, wote wanawaka. Nyungunyungu wakazama chini, hakubaki hata mmoja.

"Mwalimu, hamna kitu!" alisema Lusajo. "Umetudanganya!"

Loh! Mwalimu alikuwa amesoma habari zote za chakula chao na unyevu wao, akasahau kwamba viumbe hao hukimbia mwanga, na wanafunzi wake ni taa tupu.

"Zimeni sura, mbaki na sauti. Nitawasimulia."

Wakazimika mmoja mmoja. Mapazia yalikuwa yamefungwa, kama mtambo unavyotaka, hivyo chumba kikawa giza. Mwalimu akatia mkono kretini, akangoja.

"Huyu hapa, kidoleni. Anateleza. Ana baridi jamani!"

"Na mimi nataka kumshika!" Ilikuwa sauti ya Sekela.

Moyo wa Mwalimu ukaruka. "Njoo basi, mwanangu. Mwambie mama akulete."

Ikaja sauti ya mtu mzima. "Shikamoo Mwalimu. Mimi Mama Sekela. Wala usihangaike, siku hizi kuna glavu za mguso. Atamshika akiwa hapahapa nyumbani, hata ubaridi atausikia."

"Marahaba, Mama Sekela. Shida yangu siyo nyungunyungu. Nilitaka nimshike Sekela."

"Oo, pole jamani," alisema mama yule, kwa huruma ya kweli. "Glavu za walimu nazo zipo. Tutakuchangia."

"Mwalimu," aliita Lusajo, "anafanya nini sasa?"

"Amelala kiganjani," alisema, ingawa nyungunyungu alikwisha kuondoka zamani.